Hiyo app haisafishi picha, inakuchorea mtu mwingine

Jamani hili naomba niliandike maana wiki haipiti bila mtu kuniletea skrinishoti ya picha iliyotumwa kwenye grupu la familia WhatsApp, ikawekwa status, mwingine akaipiga skrinishoti tena, halafu ananiambia "kaka we itoe HD tu, si siku hizi kuna app za AI." Akiona nasita anadhani natafuta kupandisha bei.

HD haiongezwi. Ubora unapatikana pale picha inapopigwa, baada ya hapo kazi yetu ni kuulinda usipungue. JPEG, hilo faili la kawaida la picha za simu, inaigawa picha kwenye vimraba vya pikseli 8 kwa 8 (pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha) na kutupa vile vitu vidogo ambavyo jicho halivifuatilii sana, rangi ndo inapunguzwa zaidi. WhatsApp kwa kawaida inaishusha hadi kama pikseli 1600 upande mrefu, na kila skrinishoti inakata zaidi. Kilichotupwa hakijajificha mahali, hakipo.

Sasa app inatoa wapi huo ung'avu? Imefunzwa kwa sura za watu wengi sana, ikikuta jicho limefifia inaweka jicho linaloelekea kufaa pale. Ndo maana kope zinahesabika moja moja na wewe unaona imetakata. Mwaka 2020 watu waliiwekea programu ya PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, picha ya Obama iliyopunguzwa mpaka ikabaki vimraba, ikatoa sura ya mzungu. Obama, ambaye dunia nzima inamjua! Sasa babu yako wa Newala ambaye hana hata picha moja mtandaoni itamjulia wapi?

Na hapo ndo panaponiuma, kwenye fulana na mabango ya misiba. Picha ya marehemu imekatwa kwenye picha ya harusi ya watu, sura yenyewe saizi ya ukucha, kijana wa stesheneri anaipitisha kwenye app, dakika moja tu inang'aa, wanachapa. Kuna moja niliikuza nikailinganisha na ya mwanzo, bibi wa Kimakonde mwenye chale mashavuni. App imezifuta zote, imezichukulia kama uchafu wa picha. Mwanya umezibwa, makunyanzi ya pembeni ya macho hayapo, ngozi imepanda weupe na pua imechongoka kidogo. Wanawe wakiiangalia wanasema "anafanana", na mtu hafanani na mama yake, ni mama yake! Wajukuu ambao hawakumkuta ndo watakua wanaijua hiyo sura, na chale zile zilikuwa na maana kwake na kwa watu wake.

Lakini na mimi mpaka wangu uko wapi? Picha ya zamani ikichanika shavuni nachukua ngozi ya shavu la pili najazia, na huko nako ni kubuni. Nasema namuuliza aliyemjua, ila ndugu wawili wa nyumba moja wanabishana alama ilikuwa kulia au kushoto na kila mmoja ana uhakika. Kanuni kamili sina na sijui kama ipo. Ninachoshika ni kwamba macho, mdomo na alama za mwili sigusi bila ndugu kukaa pembeni yangu akiangalia. Chunusi naondoa, ile itaisha wiki ijayo hata bila mimi. Baka la kuzaliwa nasubiri mwenyewe aniambie.

Za kupost Instagram hazina stori ndefu, toa faili la upana wa pikseli 1080 na ufute lenzi kabla ya kupiga, nusu ya ukungu mnaoniletea ni mafuta ya vidole.

Ya msiba ndo ina kazi. Mtafute aliyepiga, aitume kutoka kwenye simu yake kama dokumenti, asiitume kama picha. Kama iko kwenye albamu nyumbani ilete karatasi yenyewe niiskani, usiipige na simu chini ya taa. Na kama iliyobaki ni hiyo ya status tu basi tuichape ndogo kifuani, upana wa kiganja, majina na tarehe ndo viwe vikubwa. Ukungu utakuwepo, ila sura ni yake.