Kusafisha meno si kuyafanya meupe

Nimeletewa tena bango. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya kliniki za meno: vipeperushi, maelezo ya huduma, makala fupi za kumsomesha mgonjwa anayesubiri zamu. Bango lenyewe linasema, "Safisha meno yako leo, yawe meupe kama theluji!" Kliniki iko Mbagala. Theluji niliisamehe, maana anayeandika tangazo huchukua sifa popote anapoikuta. Kilichonishinda ni lile neno dogo la katikati, "yawe", linalodai kwamba jino likisafishwa litakuwa jeupe. Halitakuwa, na kila mwenye kliniki analijua hilo.

Tuimalize maana haraka. Kusafisha meno ni kuondoa juu ya jino kitu ambacho si jino. Kitu hicho ni ukoga, wengine husema ugaga, pamoja na madoa ya juujuu ya chai, kahawa na sigara. Kuyafanya meno meupe ni kubadili rangi ya jino lenyewe. Huduma mbili, vifaa viwili, bei mbili.

Ukoga hauanzi ukiwa mgumu. Saa chache baada ya kupiga mswaki, utando laini wa bakteria unaanza kujishika tena kwenye jino. Ndio ule unaoupapasa kwa ulimi asubuhi ukahisi meno yamevaa kitu. Hapo mswaki unatosha. Ukiachwa siku kadhaa, kalsiamu na fosfeti zilizomo kwenye mate huanza kuugandisha, na baada ya wiki mbili hivi umeshakuwa mgumu kama yale magamba yanayoganda ndani ya birika. Ndiyo maana ukoga hupenda nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu: mate humwagikia hapo. Ukifikia hatua hiyo hautoki kwa mswaki, hata ukisugua mpaka ufizi utoe damu. Hutolewa kwa kukwanguliwa, ama kwa chuma cha mkono ama kwa mashine ambayo ncha yake hutetemeka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde huku maji yakipuliza, ukoga ukapasuka na kubanduka vipande vipande. Katika kazi yote hiyo hakuna dawa yoyote ya kugusa rangi.

(Neno lenyewe linanichekesha. Kuna koga, kitenzi, ndugu wa oga, cha kujimwagia maji. Kuna na koga, nomino, ule ukungu unaoota kwenye kitu kilichokaa na unyevu. Ukoga wa meno mimi nauona ni wa ukoo wa huyu wa pili, na huota pale wa kwanza anapokosekana.)

Sasa tuje kwenye safi, maana ugomvi wote uko humo. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na bado linatembea na tabia za ugeni: halipokei kiambishi. Tunasema meno meupe, kitambaa cheupe, lakini meno ni safi, kitambaa ni safi, mtu ni safi, kama tunavyosema ghali na rahisi bila kuongeza kitu mbele. Kwa Kiarabu, safi ni kile kisichochanganyika na kingine: asali isiyotiwa sukari, maji yasiyo na tope. Ukitaka kuiona maana hiyo ikiwa hai, chukua kopo lolote la maziwa ya unga lililotoka Ghuba, geuza upande wenye maandishi ya Kiarabu. Utakuta al-wazn as-safi. Hapo hakuna aliyeoga wala aliyefua. Ni uzito wa maziwa peke yake, kopo likiwa limetolewa kwenye hesabu.

Jino safi ni hivyo hivyo. Ni jino peke yake, ukoga ukiwa umetolewa kwenye hesabu. Likiwa la manjano, ni jino safi la manjano, na wala si aibu, kwa sababu jino kwa asili yake lina umanjano. Enameli, lile ganda la nje, hupitisha mwanga. Rangi unayoiona hutoka zaidi kwenye dentini iliyo chini yake, nayo ni ya manjano, na kadiri mtu anavyozeeka enameli hukonda na umanjano huonekana zaidi. Bibi mwenye miaka 70 anaweza kuwa na meno safi kuliko mjukuu wake mwenye meno kama mchele.

Wanaojua tofauti hii hukimbilia neno kung'arisha, wakidhani wamepona. Hawajapona. Kung'ara ni kurudisha mwanga. Kiatu cheusi kikipigwa kiwi kinang'aa mpaka unajiona, na kinabaki cheusi. Kwenye kiti cha daktari kung'arisha kupo kweli, nako ni ile hatua ya mwisho baada ya kukwangua, jino linaposuguliwa kwa kibrashi kinachozunguka na rojo yenye chengachenga laini ili liteleze na lisishike utando haraka. Kliniki nyingi zimelichukua neno hilo na kulitumia kwa huduma ya weupe, na sitegemei kulirudisha peke yangu. Ila ukilitumia hivyo, utaiita nini ile hatua ya mwisho?

Neno lililo karibu zaidi na kazi yenyewe ni kupausha, kuondoa rangi. Naelewa kwa nini hakuna anayeliweka kwenye bango. Mswahili aliyeambiwa amepauka hukimbilia mafuta ya kujipaka, hatoi hela ili apaushwe zaidi. Basi tuseme tu kuyafanya meno meupe. Ni refu, lakini halidanganyi.

Kazi hiyo ni ya kemia. Peroksaidi ya hidrojeni, au karbamaidi peroksaidi ambayo mdomoni hugeuka kuwa hiyo ya kwanza, hupenya enameli na kuvunja chembe za rangi zilizomo ndani. Ile njia ya kulala na kifuniko cha plastiki chenye jeli ya karbamaidi peroksaidi ya asilimia 10 ilielezwa na Haywood na Heymann huko Marekani mwaka 1989. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2012, bidhaa yenye peroksaidi ya hidrojeni inayozidi asilimia 0.1 na kuishia 6 haiuzwi mkononi kwa mtu moja kwa moja. Lazima ianzie kwa daktari wa meno, na walio chini ya miaka 18 hawapewi. Kukwangua ukoga hakujawekewa umri. Jino la bandia na kile kilichozibia jino havibadiliki rangi hata kidogo, jambo ambalo mgonjwa angependa kuambiwa kabla ya kulipa. Na ndimu wala mkaa havimo kwenye habari hii. Ndimu inakula enameli, mkaa unaikwaruza, na ganda likiisha dentini ndiyo inayobaki kuonekana.

Mtaniambia ni maneno tu. Haya, tazameni maneno yanavyofanya kazi. Mtu anasoma bango, anakwenda kutafuta weupe. Anakwanguliwa ukoga wa miaka kumi. Ufizi wake ulikuwa umeshashuka zamani kwa sababu ya ukoga huo huo, ila ukoga ulikuwa umejaza pengo kama saruji. Sasa umetoka. Maji baridi yanachoma kwenye mizizi, ulimi unapita kwenye nafasi asizozijua. Kwetu mwanya wa mbele ni urembo, kuna wanaoutamani, lakini si hizi nafasi za huku chini karibu na ufizi. Anajitazama kwenye kioo: meno ni yale yale ya manjano. Hakupata alichokifuata, amepata asichokitaka. Anarudi mtaani na sentensi moja, "Wamenilegeza meno." Mtaa mzima hauendi tena kliniki. Mimi imani hiyo siwalaumu wanaoishika. Nawalaumu waliomwahidi theluji mtu aliyehitaji kuokolewa ufizi.

Halafu kuna shangazi yangu wa Usa River. Waliozaliwa chini ya mlima Meru nadhani wameshajua ninakoelekea. Maji ya upande ule hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba fluoridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinazidi. Magadi ya kupikia maharage huongeza fluoridi nyingine. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, enameli hutoka na mawaa, na baadaye mawaa hayo hushika rangi ya hudhurungi. Doa hilo halikai juu ya jino. Limo ndani ya ganda lenyewe. Serikali ina kituo kizima pale Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa fluoridi kwenye maji, na njia waliyoifanyia kazi sana ni ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Kwa meno yaliyokwisha kuota, kichujio hakirudishi kitu.

Shangazi alisoma tangazo la aina hii hii. Akapanda daladala mpaka mjini, akalipa, akakwanguliwa. Alitoka na hudhurungi yake yote. Dada wa mapokezi, kwa upole kabisa, akamwambia, "Yalikuwa machafu sana, mama. Itabidi urudi mara ya pili." Shangazi anapiga mswaki asubuhi na usiku tangu akiwa msichana, ukoga aliokutwa nao ulikuwa wa kubandua dakika tano. Meno yake yalikuwa safi kuliko yangu mimi ninayeandika haya. Alichokihitaji ni mtu wa kumwambia kwamba doa lile lina njia zake: kulainishwa juu kwa tindikali na unga wa kusugulia, kupaushwa, au kufunikwa, kutegemea limezama kiasi gani. Badala yake alirudi nyumbani akiwa ameambiwa mchafu, na siku hizi akicheka anaweka kiganja mdomoni.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika kwa ajili ya kliniki, sina ugomvi na kitenzi kusafisha. Kitumieni, ni kizuri, kila mtu anakielewa. Ila kikishatajwa, kinachofuata kiwe ukoga, ufizi, harufu, damu inayotoka ukipiga mswaki. Mgonjwa akiuliza kama yatakuwa meupe, mwambieni yatarudi kwenye rangi yake. Akisema rangi yake haipendi, hapo ndipo mnapofungua ukurasa wa huduma nyingine.

Mwenye bango alinipigia simu kulalamika kwamba ukoga ni neno baya, litawakimbiza wateja. Nikamwambia ndilo wanalokuja nalo. Tulikubaliana nifute maneno manne tu ya mwisho, na pale niandike "uondoe ukoga". Theluji iliondoka nayo humo humo.