Dimbwi likikauka, hatari haijaisha
Katika mashamba ya Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, husemwa tangu zamani kwamba maji yakishatoweka juu ya ardhi baada ya mvua za masika, mahindi yamesalimika. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa jicho huona dimbwi wala halioni mzizi. Hata hivyo si sahihi, na huwapotezea watu mavuno.

Mzizi hupumua. Hewa yake hukaa katika matundu madogo ya udongo, na matundu hayo yakijaa maji, oksijeni iliyobaki huweza kwisha ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu husambaa majini polepole mno, takriban mara 10,000 polepole zaidi kuliko hewani. Mpunga huvumilia kwa kuwa una njia pana za kupitisha hewa hadi mizizini. Mahindi na ngano hayana uwezo wa kiwango hicho. Ndipo majani ya chini hugeuka manjano, na mkulima, akidhani tatizo ni mbolea tu, huongeza mbolea ambayo mizizi iliyodhoofika haiwezi kuifyonza. Jambo hili hunisikitisha, kwani mbolea ni ghali.

Siku mbili baada ya mvua kubwa, chimba shimo la sentimita 60, kisha ulitazame baada ya saa chache. Maji yakisimama karibu na usawa wa mizizi, hatari ingalipo, hata kama uso wa shamba ni mkavu. Wakati wa kiangazi, udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu huonyesha mahali ambapo maji hutuama mara kwa mara.