"Mwanawe alisaini" si ruhusa ya kumfunga mzee

Mwezi huu nimeisikia mara tatu darasani, kwa ndugu zetu wanaosomea CNA (wasaidizi wa wauguzi) hapa Marekani: "Mwalimu, tulimfunga mkanda kitini asianguke. Na mwanawe alisaini."

Asaini mara kumi. Sheria iliyotiwa saini na Rais Reagan Desemba 1987 inahusu kila nyumba ya uuguzi wa wazee (nursing home) inayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, yaani karibu zote. Chini yake, mzee hafungwi kwa kuadhibiwa wala kwa kumpunguzia mhudumu kazi. Kinachoweza kuruhusu ni dalili ya ugonjwa inayohitaji hivyo, tena kwa agizo la daktari na kwa muda mfupi. Dalili haipo, saini ya mtoto haina kazi. Na kufunga si mkanda tu. Meza ya kiti asiyoweza kuitoa mwenyewe, shuka iliyokazwa chini ya godoro, kiti kilichobanwa ukutani, vyote vimo. Hata dawa ya kumzubaisha ili zamu ya usiku ipite kimya.

Hilo la "asianguke" ndilo linalonichosha. Mzee akifungwa, miguu yake hulegea, vidonda vya kulalia humtoka, na akipambana kujinasua huanguka vibaya zaidi. Wapo waliokufa wamenaswa kati ya reli za kitanda na godoro. Jiulize kwanza anainukia nini! Mara nyingi ni mkojo. Mpeleke msalani kabla hajaomba, shusha kitanda, mvalishe viatu visivyoteleza. Najua mtaniambia mmoja wenu ana wazee kumi na wawili. Kweli, lakini uhaba wa wahudumu si dalili ya ugonjwa wa mzee.

Mengine yasiyo kweli ninayoyasikia nayapitia haraka. Eti Medicare hulipia makao maisha yote: hulipia uuguzi wa kitaalamu, hadi siku 100 kwa kipindi kimoja, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia. Asiye na uwezo aombe Medicaid. Eti wakaguzi wa nyumba hizi hupiga simu kwanza: huja bila taarifa, na haipaswi kupita miezi 15 bila ukaguzi. Eti nyumba za mtaani zenye wazee watano au sita, ambazo baadhi yetu tumezifungua, ziko chini ya sheria hiyohiyo: hapana, hizo kila jimbo lina kanuni zake. Ukihama Texas kwenda Minnesota, anza kuzisoma upya.