Kitochi kizito si lazima kidumu

Kwenye maduka ya Ngamiani, Tanga, wateja wengi hukipima kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, mkononi: kikiwa kizito na betri yake ina namba kubwa, basi kitadumu. Si kweli. Betri ya umbo la BL-5C, inayoingia kwenye vitochi vingi, kwa kawaida ni takriban mAh 1,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Ukiona ya umbo hilohilo imeandikwa 5,000, namba hiyo ni urembo tu.

Kabla hujanunua, piga *#06#, tarakimu 15 za IMEI, yaani utambulisho wa simu, zinazotokea (kwa laini mbili zitakuja namba mbili) zilingane na za kwenye boksi na za chini ya betri. Chomeka chaji, utikise waya taratibu: ikikatakata, tundu limelegea. Bonyeza kila kitufe.

Huku pwani, adui mkubwa ni chumvi. Simu ikiingia maji ya bahari, kuifukia kwenye mchele hakusaidii, maana maji hukauka, chumvi ikabaki na kuendelea kula pini na njia za shaba kwenye bodi. Toa betri hapohapo, usijaribu kuiwasha, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti siku hiyohiyo. Tochi na redio zina kazi. Kamera ya kitochi, achana nayo, unalipia ukungu.