Kabla ya neno "maji" mpe neno "sitaki"

Leo naomba niongelee ubao wa mawasiliano, ile chati ya picha na maneno ambayo mtoto asiyeongea anaonyesha kwa kidole au kwa macho, au anabonyeza kwenye tableti nayo inamsemea. Kazi yangu ni watoto wenye mtindio wa ubongo na wenye usonji, kila siku niko nao, na swali ninaloulizwa sana na walimu na wazazi ni "tununue kifaa gani?" wakati mimi nikiingia darasani kitu cha kwanza naangalia humo ndani yamewekwa maneno gani.

Manake mbao nyingi ukizifungua unakuta maji, chakula, choo, mpira, gari, paka. Majina ya vitu tu. Mtoto ataomba, atataja, imeishia hapo, hawezi kukataa wala kuuliza wala kukwambia hicho ulichonipa sicho. Kuna mvulana wa miaka 7 nilimtengenezea ubao wa picha 40, zote za vitu, na wiki ya pili akaanza kuusukuma chini. Ukimwekea anasukuma, ukiokota anasukuma tena. Mwalimu akasema hauelewi, mimi nikadhani picha ni ndogo nikazikuza, wapi. Sasa siku hiyo anavalishwa viatu, anakaza mguu, anajipinda, uso umemjaa jasho, nikautazama ule ubao nikitafuta neno ambalo angelitumia pale pale na sikuliona. Picha ya kiatu ipo, "panauma" haipo. Tulipoongeza "sitaki", "acha" na "panauma" akashika "sitaki" siku nzima, kwa kila kitu, na nikamwomba mwalimu amkubalie kila inapowezekana hata kama inachosha, kwa sababu neno lisilobadilisha chochote mtoto ataliacha.

Haya ndo tunaita maneno ya msingi. Ni machache ila yanaingia kila mahali: tena, bado, basi, acha, njoo, nipe, ona, nini, wapi, hivi. Chukua "basi" peke yake, nimeshiba, nimechoka, tuishie hapa, yote yamo. Picha ya mpira inatumika kwenye mpira tu.

Na hapa kuna kitu kinanikera kwa kweli, mbao zilizotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kule "mimi" ni kitufe, "taka" ni kitufe, cha kukanusha nacho kivyake, halafu mtoto anajenga sentensi. Kiswahili hakijengwi hivyo, nafsi na ukanushi tunavibeba ndani ya kitenzi, kwa hiyo tableti inamsemea mtoto "mimi kutaka hapana" na wenzake darasani wanamcheka. Mimi naweka "nataka" kitufe kimoja na "sitaki" kitufe kingine kando yake, "naweza" na "siwezi" vivyo hivyo. Ndiyo, vitufe vinaongezeka, lakini mtoto anasikia Kiswahili ambacho watu wanaongea kweli.

Ukishaweka maneno, uonyeshe na wewe. Mtoto anayeongea amesikia maneno mwaka mzima au zaidi kabla hajatamka la kwanza, sasa huyu wa ubao ameona nani akiutumia? Unavyoongea gusa, "njoo", unagusa njoo, "bado", unagusa bado, usimlazimishe arudie. Afu subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hata zaidi, mwili unachukua muda kutii.

Wazazi wengi wanaogopa kwamba akizoea ubao hataongea tena. Naielewa hiyo hofu, ila ushahidi hauko upande huo. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti zilizofanywa kwa umakini, watu 27 kwa jumla, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi na asilimia 89 usemi wao uliongezeka, japo mara nyingi ni kidogo. Kwa hiyo usimfiche mtoto ubao eti mpaka ajaribu kutamka kwanza. Na akikosea adabu usimnyang'anye, hiyo ndo sauti yake.

Kwa wale ambao kidole hakifiki kuna swichi, kitufe kikubwa kimoja unachorekodia neno, na kabla ya swichi ni kukaa: nyonga zirudi nyuma kabisa kwenye kiti, miguu ipate pa kukanyaga, vinginevyo nguvu zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke. Kuna binti tulihangaika na mkono wake wiki tatu, kila akitaka kubonyeza mkono unaruka pembeni, ndo msaidizi wa darasa akagundua kwamba akifurahi goti la kushoto linaenda nje, taratibu, na linarudi. Tukafunga swichi pale pembeni ya goti. Nikaona sauti yangu ya mtu mzima haimfai, nikamwomba msichana wa darasa lake atamke "tena!" turekodi. Mwalimu akasoma hadithi, akafika ukurasa wa simba anayepiga chafya, akanyamaza, tukasubiri. Goti likaenda nje. Ukurasa ule ulisomwa mara kumi na moja.