Mpokeaji mpya wa barua pepe: maana yake katika programu ya kompyuta

Katika programu ya barua pepe iliyosakinishwa kwenye kompyuta, kama vile Outlook, Thunderbird au Apple Mail, mpokeaji mpya ni yule ambaye anwani yake haimo katika kumbukumbu ambayo programu huipekua mara tu unapoanza kuandika kwenye sehemu ya "Kwa". Mgeni huyo ni mgeni wa programu, si wako. Unaweza kuwa umefahamiana na mtu kwa miaka 20, lakini ikiwa hujawahi kumwandikia kwa programu hiyo wala kumwingiza kwenye kitabu cha anwani, programu haimjui. Na mtu asiyekuhusu, uliyemtumia barua mara moja tu kwa makosa, tayari ni mwenyeji na jina lake litaendelea kujitokeza.

Kumbukumbu hiyo ina sehemu mbili, na ni vyema kuzitofautisha kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Ya kwanza ni kitabu cha anwani, ambacho mtumiaji hukijaza mwenyewe. Ya pili ni orodha ambayo programu hujikusanyia kimyakimya kutokana na barua unazotuma: Thunderbird ina kitabu maalumu cha anwani zilizokusanywa, Apple Mail huweka orodha ya watu uliowahi kuwaandikia, na Outlook ya Windows ya tangu zamani huhifadhi hadi majina 1000 ya kupendekeza. Unapoandika anwani ya mpokeaji mpya, hakuna jina linalopaswa kujitokeza, na kimya hicho ni dalili njema. Hatari ipo pale anapojitokeza mtu mwingine. Unaandika "ash" ukimlenga Asha ambaye hujawahi kumwandikia, programu inamleta Asha mwingine wa siku nyingi, kidole kinabonyeza Enter kwa mazoea, na barua ya mmoja inamwendea mwenzake. Ndiyo maana anwani ngeni huandikwa kamili hadi herufi ya mwisho, au hunakiliwa na kubandikwa, kisha husomwa tena ikiwa tayari imekaa mahali pake. Anayenakili naye aangalie mwishoni, kwa kuwa anwani iliyotolewa katikati ya sentensi mara nyingi huja na nukta au nafasi isiyo yake.

Anwani yenyewe ina umbo lile lile tangu mwaka 1971, Ray Tomlinson alipochagua alama ya @ kutenganisha jina la mtumiaji na jina la kompyuta yake. Katika asha.juma@example.com, upande wa kushoto ni jina la kisanduku, lisilozidi herufi 64, na upande wa kulia ni kikoa, yaani jina linaloielekeza barua kwenye seva inayohusika, ile kompyuta inayopokea na kupeleka barua. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti yoyote kwenye kikoa. Upande wa kushoto kanuni zinaiachia seva ya mpokeaji iamue, ingawa seva nyingi nazo hazijali.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalitambui ni kwamba programu hukagua umbo hilo tu. Itakuzuia ukisahau alama ya @, lakini haiulizi popote kama mtu huyo yupo, isipokuwa ndani ya taasisi yenye orodha ya pamoja ya wafanyakazi ambayo programu imeunganishwa nayo. Matokeo ya kosa dogo la herufi hutegemea basi bahati yako. Ikiwa kikoa hakipo kabisa, taarifa ya kushindwa hurudi upesi. Ikiwa kikoa kipo lakini jina la kushoto halipo, seva ya upande wa pili kwa kawaida hukataa kwa namba 550, ambayo ni namba ya kosa utakayoiona kwenye taarifa ya kushindwa. Ikiwa kikoa kimesajiliwa lakini hakuna seva inayoitikia, seva yako inaweza kuendelea kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa, nawe muda wote huo unaamini barua imefika. Na ikiwa kila kitu kipo, ila ni cha mtu mwingine, hutapata taarifa yoyote. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo kosa baya kuliko yote, na ndiyo sababu mimi huijaza sehemu ya "Kwa" mwisho, baada ya barua kukamilika.

Jina linaloonekana juu ya barua ni suala jingine. Programu huandika jina kwanza, kisha anwani ndani ya mabano ya pembe, na seva hufuata kilichomo ndani ya mabano peke yake. Jina lililo nje laweza kuwa lolote. Lakini ukianza na jina la ukoo na kuandika Juma, Asha bila alama za nukuu, mkato huo unaweza kusomwa kama mpaka kati ya wapokeaji wawili, kwa sababu kanuni za barua pepe hutenganisha anwani kwa mkato. Outlook kwa kawaida hutumia nukta mkato, na orodha iliyonakiliwa kutoka huko haikubaliki kila mahali.

Inabaki kuchagua sehemu ya kumweka mgeni huyo. "Kwa" ni ya anayetarajiwa kujibu, Cc ni ya anayepaswa kujua tu, na Bcc ni ya anayepata nakala bila wengine kumwona. Hili la Bcc linawezekana kwa kuwa seva hupokea orodha ya wapokeaji kando ya barua, kama maandishi ya juu ya bahasha, na barua inayofika haibebi jina lake. Uangalifu zaidi unahitajika unapomwingiza mpokeaji mpya katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza: atasoma kila ujumbe wa awali ulionukuliwa chini ya barua yako, pamoja na anwani za walioshiriki, na wenzako wakiwajibu wote kwa pamoja, programu zao nazo zinaweza kumhifadhi.

Ikiwa anwani yenye kosa imekwisha kuingia kwenye orodha ya mapendekezo, kuifuta kwenye kitabu cha anwani hakutoshi. Katika Outlook hufutwa kwa kubofya alama ya X pembeni ya pendekezo linapojitokeza. Katika Thunderbird hutolewa kwenye kitabu cha anwani zilizokusanywa. Na katika Apple Mail huondolewa kwenye ile orodha ya wapokeaji wa awali, inayofunguliwa kupitia menyu ya dirisha.