Je, wajua? Kwa nini mtani anaweza kulala kaburini na asifukuzwe msibani

Kaburi limeshachimbwa, jeneza limefika, watu wamekaa kimya. Ghafla mwanamume mmoja anaruka shimoni, analala chali na kutangaza kwamba nafasi hiyo ni yake, marehemu atafute kwingine mpaka yeye alipwe. Pembeni, mwanamke amevaa koti la marehemu na anatembea kama alivyokuwa akitembea mwenyewe, mguu mmoja akiuburuta kidogo, akiwadai waombolezaji madeni ya kubuni. Mjane aliyekuwa analia anashikwa na kicheko, machozi bado yako shavuni. Mtu anatoa elfu mbili, mwingine mia tano. Bwana yule anatoka kaburini, anakung'uta vumbi, anashika koleo na kuwa wa kwanza kufukia.

Hao ni watani, na mambo ya namna hii yanajulikana katika sehemu nyingi za Tanzania. Jirani asiye mtani akithubutu kufanya hayohayo, atatolewa pale kwa nguvu, na pengine hatasamehewa maisha. Kitendo ni kilekile, mahali ni palepale. Kwa nini mmoja anapewa hela na mwingine anapigwa?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba utani ni ruhusa. Mtani, husemwa, ameondolewa masharti ya adabu, kwa hiyo anaweza kusema lolote na kufanya lolote. Jibu hilo linaonekana la busara, na ndiyo maana limedumu. Lakini linageuza mambo juu chini, na inafaa tukae nalo kwa muda, kwa sababu ukilishika hilo hutaelewa chochote kuhusu utani, wala kuhusu namna jamii zinavyoamua nini ni adabu na nini ni utovu wake.

Tuanze na nani anaruhusiwa. Hakuna anayeamka asubuhi akajiteulia watani. Mngoni anamtania Mhehe. Mzaramo anataniana na Mnyamwezi na Msukuma. Wako pia watani wa koo, mabinamu, mashemeji, babu na mjukuu. Uhusiano huo unaurithi, kama unavyorithi jina la ukoo. Watu wawili wasiojuana wakikutana kwenye basi la Songea, wakaulizana kabila, ndani ya dakika moja wanaweza kuanza kutukanana kwa furaha, kwa sababu ruhusa ilikuwepo kabla wao hawajazaliwa.

Halafu utani ni wa pande mbili. Nikikutania leo, kesho ni zamu yako, na sina haki ya kukuzuia. Bosi anayemdhihaki mfanyakazi asiyeweza kumjibu hatanii. Anaonea.

Tena hufanywa hadharani. Mtani anaweza kuchukua kuku wako mchana, watu wakiona, akapita nyuma ya nyumba akicheka na kukuita umfuate ukamkomboe. Akija usiku akamchukua kimyakimya, huyo ni mwizi, na hakuna ukoo utakaomtetea kwa kusema ni mtani.

Hata maneno yenyewe yana mipaka. Mhehe ataambiwa anakula mbwa, Mpare ataambiwa ni bahili na anapenda kesi, Mchaga ataulizwa pesa kaificha wapi. Haya ni matusi ya akiba, kila mtu anayajua, na yanarushwa kwa kundi zima. Kwa kawaida mtani hagusi lile jeraha ambalo ni la mtu mmoja: mtoto asiyepatikana, ugonjwa unaofichwa, ndoa iliyovunjika juzi. Anayeligusa hutazamwa na watu wote kwa namna inayomnyamazisha.

Juu ya yote kuna kazi. Yule aliyelala kaburini ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba. Watani hubeba kuni, hupika, hufukia, huwalazimisha wafiwa wale hata kama hawataki. Mtani anayekuja kuchekesha tu kisha akaondoka na sahani ya ubwabwa hajatimiza utani. Asipokuja kabisa, hiyo ni aibu.

Na anayetaniwa naye amefungwa, tena kwa kamba nene kuliko mwenzake: hatakiwi kukasirika. Akikunja uso, lawama zinamwangukia yeye.

Kwa hiyo mahali palipoonekana hapana adabu, tunakuta adabu iliyopangwa kwa umakini kuliko ile ya kusalimiana. Alfred Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliliona hili mwaka 1940. Alikuwa anaitikia, pamoja na maandishi mengine, andiko fupi la F. J. Pedler kuhusu utani wa Afrika Mashariki, maana yake nadharia inayofundishwa leo vyuoni duniani kote ilichochewa kwa sehemu na watani wa huku kwetu. Alieleza kwamba katika uhusiano wa namna hii mtu mmoja kwa desturi anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake analazimika kutokasirika. Hesabu hapo: ruhusa moja, lazima mbili. Wanaosema utani ni ruhusa wamechukua theluthi ya maelezo.

Mwanasosholojia wa Marekani Howard Becker alitoa hoja inayokamilisha hii mwaka 1963, ingawa yeye alikuwa akiwachunguza wavuta bangi na wapiga muziki wa jazi, si watani. Alisema kukiuka kaida si sifa iliyo ndani ya kitendo. Ni jambo linalozaliwa pale watu wanapokichukua kitendo na kukibandika jina la kosa. Ukimtazama mtu aliyelala kaburini peke yake, huwezi kujua kama amekosa. Lazima uulize: ni nani kwa marehemu?

Sasa tufike kwenye kiini. Sawa, tusi linaruhusiwa. Lakini linafanya kazi gani? Kwa nini watu wanaotaka kuonyeshana ukaribu wasitumie tu maneno mazuri?

Mwaka 1952 mwanaanthropolojia Gregory Bateson alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Fleishhacker, San Francisco, akawatazama nyani wachanga wakicheza. Walikuwa wakishikana na kung'atana kama wanaopigana, lakini hawakuwa wakipigana, na ilikuwa dhahiri kwamba wao wenyewe walilijua hilo. Bateson alijiuliza wanajuaje. Hitimisho lake, alilolichapisha mwaka 1955, ni kwamba kila ng'ato ile ilibeba ujumbe wa pili usio na sauti: huu ni mchezo. Ng'ato inamaanisha kung'ata, lakini haimaanishi kile ambacho kung'ata kwa kweli kungemaanisha.

Ukitaka kuliona hilo bila kwenda San Francisco, tazama watoto wa mbwa uani. Mmoja anamshika mwenzake shingoni, mahali ambapo mbwa mkubwa angeua. Meno yanagusa ngozi. Angekuwa anamlamba tu, pasingekuwa na mchezo. Mchezo unahitaji shingo na unahitaji meno, kwa sababu hapo ndipo mwenzake anapojifunza jambo ambalo kulambwa hakungemfundisha: huyu angeweza kuniumiza, na hakuniumiza. Kila raundi inaongeza imani kidogo. Na mmoja akizidisha, mwenzake analia, mchezo unasimama. Kilio hicho ni sehemu ya somo, maana bila mpaka unaoweza kuvukwa hakuna kinachothibitishwa.

Utani ndivyo ulivyo. Nikikuambia "habari za asubuhi" nawe ukajibu "nzuri", hatujajifunza lolote kuhusu sisi wawili. Maadui pia husalimiana. Lakini nikikutukana mbele ya watu arobaini kwa neno ambalo kwa mtu mwingine lingeleta panga, nawe ukaangua kicheko na kunirudishia kubwa zaidi, basi uhusiano wetu umepimwa hadharani na haukuvunjika. Watu arobaini ni mashahidi. Ndiyo maana tusi la utani sharti liwe na makali. Utani uliopooza haupimi kitu.

Msibani kipimo hiki kinapata kazi nyingine. Wafiwa wameishiwa nguvu na hawawezi kuamrishana. Mgeni kabisa hana haki ya kuwaambia "inukeni mle". Anahitajika mtu aliye karibu kiasi cha kuwajibika, na mbali kiasi cha kutovunjwa na huzuni ileile. Mtani amesimama hasa mahali hapo. Naona hili ni moja ya mambo mazuri zaidi ambayo jamii zetu zimeyabuni, na linastahili kusomwa kwa uzito uleule tunaowapa majaji na mabunge.

Lakini nani anamfundisha mtoto kutofautisha? Hakuna darasa la utani. Somo linaanza mapema sana, kwa bibi na babu. Bibi anamwita mjukuu wa kiume wa miaka minne "mume wangu", anamuuliza mbona leo hajaleta nyama. Babu anamwambia binti mdogo kwamba mahari yake ameshaikataa, atamwoa mwenyewe. Mtoto anashtuka mara ya kwanza, anatazama nyuso za watu wazima, anaona wanacheka, anajaribu kujibu: "Sikutaki, umezeeka!" Kicheko kinaongezeka. Akichangamka akaenda kumwambia baba maneno ya aina hiyo, anakutana na jicho, au kofi. Kwa siku moja amejifunza ramani nzima: kwa huyu nacheza, kwa yule nanyamaza. Wanasosholojia wanakuita huku ujamiishaji, yaani namna jamii inavyoingia ndani ya mtu mpaka aone kaida zake ni maumbile.

Ramani hiyo ina upande wake wa pili, wa kuepukana. Katika jamii nyingi mume haleti masihara kwa mama mkwe. Hula mbali naye, hupisha njia, huinamisha macho. Radcliffe-Brown aliona kwamba heshima hiyo kali na utani na mashemeji zinatibu tatizo moja. Ndoa imewaunganisha watu ambao maslahi yao yanaweza kugongana, na hawawezi kutengana. Ama waepukane sana wasipate nafasi ya kugombana, ama wagombane kwa mchezo ili ugomvi wa kweli ukose pa kuanzia.

Asili ya utani wa makabila nitaipitia haraka. Maelezo maarufu ni vita: Wangoni, waliovuka Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, walipigana na Wahehe mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, hakuna aliyemmaliza mwenzake, vita vikageuka maneno. Lakini Wanyamwezi na Wazaramo walikutana zaidi kwa misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Bagamoyo, ambako mpagazi aliyeugua au kufa njiani alihitaji mtu wa kumzika. Stephen Lucas na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya namna hii kwa wingi miaka ya 1970. Ni masimulizi, na yalisimuliwa baada ya vizazi kadhaa. Inawezekana mengine yalitungwa ili kueleza utani uliokuwepo tayari. Vita peke yake, kwa vyovyote, havitoshi. Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na hakuna utani uliozaliwa hapo. Kinachoonekana kuhitajika ni kwamba pande mbili ziendelee kukutana baadaye: sokoni, kwenye ndoa, kwenye mazishi.

Na ile kauli kwamba Tanzania ina amani kwa sababu ya utani? Napenda iwe kweli, ila siwezi kuibeba. Kuna Kiswahili, kuna siasa za Nyerere, kuna shule za bweni zilizochanganya vijana wa kila mkoa, na sijui mtu angetenganishaje sehemu ya utani. Rwanda nayo ilikuwa na utani wa koo, ubuse, na koo zile zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Haukuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Utani unaweza kutuliza majirani. Mbele ya serikali iliyoamua kuua, hauna silaha.

Kuna mahali pengine ambapo kuelewa utani kunasaidia leo, nako ni kwenye simu. Mzaha uleule wa Mpare na bahili ukitumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili, umepoteza karibu kila kitu kilichoufanya uwe utani. Uso hauonekani, zamu ya kujibu haipo, aliyeutuma huenda si mtani wa yeyote mle, na hakuna msiba ambao atakuja kuchimba kaburi. Kilichobaki ni tusi kwa kabila. Kenya, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 na mwanzo wa 2008, ilitunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa inayofanya maneno ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Mshtakiwa akisema mahakamani "nilikuwa natania", mahakama inaweza kumuuliza maswali ambayo mzee yeyote wa msibani angeyauliza: ulikuwa unamtania nani, naye alikuwa na nafasi ya kukujibu?